Sangari kwenye malisho: kupiga dawa, kulima upya au kuiacha?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mstaafu na nafuga ng'ombe sita wa maziwa huku Arumeru. Nina ekari nne za majani ya Rhodes niliyoyapanda miaka minne iliyopita. Mwanzoni yalifunga shamba vizuri, lakini sasa sangari imeshika karibu nusu, na kandokando ya mfereji na pale getini kumeingia ndulele na gugu karoti. Mwanangu anayeishi Texas anasema huko kuna nyasi kama hiyo, inaitwa crabgrass, na huizuia kwa kunyunyizia dawa kabla haijaota. Muuza pembejeo wa hapa ananishauri nipige dawa ya magugu ya glaifoseti shamba zima, nilime kwa trekta, kisha nipande upya mvua zikianza. Nimsikilize nani?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Kwa shamba zima, usimsikilize yeyote kati yao. Dawa anayoizungumzia mwanao haitaigusa sangari uliyo nayo. Ushauri wa muuza pembejeo unaweza kufaa katika sehemu ndogo ya shamba, lakini ukiufuata kama ulivyotolewa, yaani kupiga dawa, kulima kwa trekta na kupanda mvua zikianza, kuna uwezekano mkubwa kwamba baada ya misimu michache utajikuta na sangari ileile, ukiwa umekwisha kulipia dawa, trekta na mbegu. Zaidi ya hayo, nyote watatu mnaizungumzia sangari, wakati jambo la haraka katika maelezo yako ni gugu karoti, ambalo umelitaja mwishoni kabisa.

Nianze na dawa ya Texas, kwa kuwa ukielewa kwa nini haifai utaelewa pia kwa nini sangari haiondoki kirahisi. Nyasi anayoiona mwanao, kwa jina la kitaalamu, ni Digitaria sanguinalis au ndugu zake wa karibu, na sangari yetu ni Digitaria abyssinica, ambayo vitabu vya zamani huiita Digitaria scalarum. Ni za ukoo mmoja, ukoo uleule uliowapa watu wa Afrika Magharibi nafaka ya fonio, kwa hiyo kuzifananisha si jambo la ajabu. Lakini ile ya Marekani huishi msimu mmoja tu: huota kwa mbegu udongo unapoanza kupata joto, hukua majira yote ya joto, hutoa mbegu, kisha hufa baridi kali inapoingia. Kwa kuwa kila mwaka inaanza upya kutoka kwenye mbegu, dawa kama pendimethalini, ambayo hukaa katika tabaka la juu la udongo na kuudumaza mche unapochipua, huikuta ikiwa dhaifu kabisa.

Sangari haingoji mbegu. Chukua sepetu, chimba mahali iliposhika sana, kisha upasue bonge la udongo kwa mikono. Utakuta nyuzi nyeupe zinazoelekea manjano, nene kama uzi wa kushonea viatu, zenye vifundo vilivyokaribiana na ncha ngumu iliyochongoka. Hizo si mizizi, bali ni mashina yanayotambaa chini ya ardhi, na kila kifundo kina jicho linaloweza kutoa mche mpya. Mengi yako karibu na uso wa udongo, ingawa kwenye udongo laini mengine hushuka kina ambacho jembe la mkono halifiki. Dawa ya kuzuia mbegu zisiote haina kazi hapo. Kibaya zaidi, ingezuia mbegu za Rhodes ambazo, kama nitakavyoeleza, utahitaji kuzirushia kwenye mapengo. Na ndiyo sababu jembe la sahani la trekta ni rafiki mkubwa wa sangari: hukata mashina hayo vipande vipande, huvitawanya shamba zima, na mvua ikinyesha kila kipande chenye kifundo huwa mche.

Hata hapa kwetu ipo jamaa yake inayoishi msimu mmoja, Digitaria velutina, ambayo huonekana sana kwenye mahindi. Ukivuta mche ukatoka mzima pamoja na kishada chake kidogo cha mizizi, bila uzi wowote mweupe kukatikia ardhini, huenda ni hiyo, wala haina haja ya kukusumbua kwenye malisho. Usiichanganye sangari na ukoka pia. Suke la ukoka lina vidole vinavyotoka vyote mahali pamoja, na mashina yake hutambaa juu ya ardhi pamoja na chini. Vidole vya suke la sangari hupachikwa kwa kupishana kwenye kijiti kifupi.

Sasa, je, sangari ni adui kwenye malisho? Kwenye kahawa, mahindi na maharage ni adui bila ubishi, na chuki tuliyo nayo dhidi yake imetoka huko. Kwenye malisho hesabu ni nyingine, kwa kuwa ng'ombe wanaila, inavumilia kukanyagwa, na kwenye mteremko inashika udongo vizuri. Hasara yake ni kwamba ni fupi na mavuno yake ni madogo kuliko ya Rhodes, kwa hiyo anayevuna hei, yaani majani ya kukausha, na kufunga marobota ataiona hasara hiyo mapema kuliko anayechunga. Huko Oklahoma, jirani kabisa na Texas, wapo wafugaji wanaopanda crabgrass kwa makusudi kama malisho, na mbegu yake iitwayo Red River inauzwa madukani. Jina la gugu hutegemea lilipoota na nani anayelila. Ndulele na gugu karoti havina utetezi wa namna hiyo, na ndiyo maana naviweka mbele.

Gugu karoti ni mgeni kutoka bara la Amerika, na hapa Tanzania liliripotiwa mara ya kwanza mkoani Arusha mwaka 2010, kwa hiyo nyinyi wa Arumeru mmekaa nalo kwa muda mrefu kuliko wengi. Huota wakati wowote udongo ukiwa na unyevu, na linaweza kutoa maua katika wiki nne hadi sita tangu kuota. Mmea mmoja uliostawi unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, nyepesi, zinazosafiri kwa maji ya mfereji, kwa tope la magurudumu, kwato na viatu, na ndani ya hei, na ambazo hudumu ardhini kwa miaka kadhaa. Lina sumu iitwayo partenini. Ng'ombe kwa kawaida hulikwepa, lakini malisho yakipungua hulila, na hapo maziwa huwa machungu na ngozi yao huweza kuathirika. Wakilila kwa wingi huweza kufa. Binadamu wanaoligusa mara kwa mara hupata muwasho na vipele, na chavua yake huwaletea wengine mafua na kubanwa kifua. Tena linatoa kemikali zinazodumaza mimea ya jirani, kwa hiyo lisipoondolewa pale getini halitabaki getini.

Ling'oe baada ya mvua au baada ya kumwagilia, udongo ukiwa laini, kabla halijatoa maua, na hakikisha mzizi mkuu unatoka. Usilifyeke. Likifyekwa huchipua tena kutoka chini na kutoa maua likiwa fupi zaidi, mahali ambapo fyekeo halifiki. Anayeng'oa avae glovu za mpira, shati la mikono mirefu na barakoa, na mwenye pumu au aliyewahi kupata muwasho asipewe kazi hiyo, wala watoto wasitumwe. Miche isiyo na maua iache ikauke juani mahali pakavu. Yenye maua itie kwenye mifuko bila kuitikisa, ikaushe na uichome shimoni, mahali pamoja utakapoweza kupakagua kila mvua zinaponyesha. Usiitupe mferejini wala kwenye lundo la samadi. Kisha urudi kila baada ya wiki tatu wakati wa mvua; nasema tatu kwa sababu mche uliokuwa haujaota siku ulipong'oa unaweza kuwa na maua wiki ya nne. Wengi hung'oa mara moja kwa nguvu kubwa, wakaridhika, na gugu likawapita hapo.

Ziba pia njia linakopitia. Kama hununua hei wakati wa kiangazi, uliza ilikovunwa, na uilishie mahali pamoja karibu na banda badala ya kuisambaza shambani, ili mbegu zikiota uzione zote mara moja. Ng'ombe aliyetoka mnadani abaki bandani siku chache kabla ya kuingia kwenye malisho. Kuhusu mfereji, huwezi kushinda peke yako ikiwa wa juu yako wameliacha litoe mbegu. Lipeleke jambo hili kwenye kamati ya mfereji, mpange siku ya kung'oa kabla ya vuli na nyingine kabla ya masika. Nchi kama Australia, India na Ethiopia zimeachia mbawakawa aitwaye Zygogramma bicolorata anayekula majani ya gugu hili, lakini hiyo ni kazi ya mamlaka, si ya mfugaji mmoja.

Ndulele ni kazi rahisi zaidi lakini inahitaji jasho. Ukiikata juu juu itachipua matawi mengi zaidi, kwa hiyo chimba na utoe mzizi, na uifanye kazi hiyo kabla matunda hayajageuka manjano. Ukikuta mnanaha, mmea wenye sumu, ung'oe siku hiyohiyo, hasa kama unavuna hei: kwenye malisho mabichi ng'ombe huuruka, lakini ukikauka ndani ya robota hawezi kuuchambua. Kishonanguo na mchicha pori visikunyime usingizi. Mbuzi wachache watavimaliza vikiwa vichanga, mradi usiwaingize mbuzi hao penye gugu karoti.

Magugu ya majani mapana yakiwa mengi kiasi kwamba mikono haitoshi, kiuagugu cha 2,4-D kinayaua bila kuiua Rhodes iliyokwisha kushika mizizi. Tahadhari zake ni tatu. Kinaua pia mikunde, kwa hiyo ukichanganya malisho yako na desmodiamu au lusani utaipoteza. Kinapeperuka, na kwa Arumeru, ambako shamba la mtu limepakana na nyanya, maharage au kahawa ya mwingine, dawa iliyopigwa saa sita mchana kwenye upepo inaweza kukupeleka baraza la kata. Piga alfajiri kukiwa kumetulia. Na baadhi ya mimea yenye sumu, ikishaanza kunyauka kwa dawa, ng'ombe huipenda kuliko ilipokuwa mibichi, kwa hiyo siku za kuwazuia zilizoandikwa kwenye lebo zina maana kwa afya ya ng'ombe na kwa maziwa unayouza. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu tu, yenye lebo unayoweza kuisoma, na si ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.

Turudi kwenye Rhodes na sangari. Kabla hujaamua lolote, pima. Tembea shambani kutoka kona moja hadi nyingine, na kila hatua ya tano uangalie kilichopo kwenye ncha ya kiatu: Rhodes, sangari, gugu la majani mapana, au udongo mtupu. Weka alama daftarini hadi upate alama mia moja kwa kila kipande cha shamba. Jicho hudanganya kwenye malisho, na mara nyingi "nusu ya shamba" huwa ni theluthi iliyo karibu na njia anayopita mwenye shamba kila siku. Kipimo changu ni hiki: penye alama hamsini au zaidi za Rhodes, usilime. Na tarakimu ya kuisoma kwa makini kuliko zote ni ile ya udongo mtupu, kwa sababu sangari haikuisukuma Rhodes ikatoka. Iliingia mahali ambapo Rhodes ilikuwa imekwisha kuondoka.

Iliondoka kwa nini? Bila kuliona shamba, nakisia mambo mawili ambayo huenda pamoja. La kwanza ni kuliwa au kukatwa chini mno bila kupumzishwa. Rhodes inataka kuachiwa sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, na kupumzika wiki nne hadi sita za mvua kabla ya kuliwa tena. Ikikwanguliwa hadi chini mara kwa mara, mashina yake yanayotambaa hayapati nguvu ya kuziba mapengo, na nyasi fupi yenye akiba yake chini ya ardhi, yaani sangari, ndiyo inayofaidika. Ng'ombe sita wa maziwa kwenye ekari nne mwaka mzima ni mzigo mkubwa, mzee wangu, hata kwenye udongo mzuri wa kwenu. Ligawe shamba vipande vitano au sita, uwahamishe kwa zamu, na wakati wa kiangazi uwalishe bandani matete na mabua ya mahindi badala ya kuwaacha wakitafuta mashina shambani.

La pili ni upungufu wa naitrojeni udongoni. Kila robota la hei linalotoka shambani hubeba rutuba, na Rhodes isiyorudishiwa chochote huanza kukonda katika mwaka wa tatu au wa nne, jambo linalolingana na historia uliyonieleza. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya CAN kwa ekari baada ya mavuno, udongo ukiwa na unyevu, huonekana kwa macho ndani ya wiki tatu. Samadi ni nzuri vilevile ikiwa imeoza sawasawa. Samadi mbichi inaweza kukuletea mbegu za magugu zilizopita salama tumboni mwa ng'ombe. Kwenye mapengo, kwaruza udongo kwa reki masika yanapoanza, urushe mbegu ya Rhodes na kuikanyagia. Usiifukie zaidi ya sentimita mbili. Mbegu hii ni nyepesi na yenye manyoya, hivyo ichanganye na mchanga mkavu ili ianguke sawasawa. Chagua aina ya Boma au Elmba, yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini.

Kwa kipande ambacho hesabu yako itaonyesha kuwa Rhodes imekwisha kabisa, hapo ushauri wa muuza pembejeo una nafasi yake, ukibadilishwa kidogo na usipozidi ekari moja kwa mwaka, ili ng'ombe wasikose pa kula. Mwishoni mwa masika kifunge kipande hicho, sangari ichipue hadi kimo cha kama sentimita 15 na majani mabichi ya kutosha, ndipo upige glaifoseti. Dawa hii huingia kwa majani na kushuka kwenye mashina ya chini, kwa hiyo ukiipiga mara baada ya kufyeka, au sangari ikiwa imekauka kwa jua, umeimwaga bure. Usitumie maji ya mfereji yenye tope: glaifoseti hunasa kwenye chembe za udongo na kupoteza nguvu ikiwa bado ndani ya bomba. Chota maji safi.

Kipimo nacho kisiwe cha kifuniko. Jaza bomba lako la mgongoni maji matupu, nyunyizia eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha upime umetumia lita ngapi. Ekari moja ni kama mara arobaini ya eneo hilo. Ukitumia lita 4, utahitaji lita 160 kwa ekari, yaani mabomba kumi ya lita 16. Na kama lebo inasema lita 2 za dawa kwa ekari, kila bomba linapata mililita 200. Baada ya hapo usikiguse kipande hicho kwa wiki tatu.

Mvua zikikatika, lima kwa jembe la meno au kifaa cha trekta chenye meno, kisicho cha sahani, ili mashina ya chini yavutwe juu yakiwa marefu badala ya kukatwakatwa. Yageuze mara mbili au tatu katika jua la Julai hadi Septemba, uyakusanye kwa reki na kuyachoma pembeni. Yatakayobaki yatachipua vuli. Hayo uyapige au uyalimie yakiwa machache, kisha upande ngwara, ambayo ni jamii ya mikunde, kwa nafasi ya karibu, pamoja na mahindi ukipenda, kwa msaada wa mfereji mvua zikisuasua. Ngwara hufunika ardhi, na sangari haipendi kivuli. Tena ng'ombe wataila na udongo utabaki na naitrojeni. Kipande hicho hakitakuwa na Rhodes kwa mwaka mmoja, na hapo ndipo wengi hukosa subira.

Masika yanayofuata panda Rhodes kilo 4 hadi 6 kwa ekari kwenye udongo uliosagwa vizuri na kushindiliwa kidogo. Miche yake huenda polepole wiki za mwanzo, kwa hiyo magugu mapana yatatangulia kuonekana. Yapalilie kwa mkono, wala usitumie 2,4-D kwenye miche michanga. Ng'ombe wasiingie mpaka nyasi ishike. Kuna jaribio jepesi la kujua: kamata kishungi cha majani kama ng'ombe anavyokikamata kwa ulimi, ukivute kwa nguvu. Kikitoka na mizizi, bado. Majani yakikatika na shina likabaki ardhini, waingize kwa muda mfupi, wale ncha tu, kisha uwatoe. Ukishafika hapo, rudia hesabu ya hatua kwenye vipande vilivyobaki kabla hujafikiria ekari ya pili.